Mgema Aliyepanda Kimya

Kombe Mwero hakufika shuleni kidato hata kimoja. Vidato alivyovijua ni vile vinavyochongwa kwa panga kwenye shina la mnazi, na hivyo alivipanda mara tatu kwa siku, alfajiri, adhuhuri na alasiri, kwa miaka ishirini na miwili, asikose ila siku za msiba na Ijumaa Kuu. Watani wake wa Msambweni walikuwa wakisema kwamba Kombe akitembea chini hupepesuka, kwa kuwa miguu yake imezoea juu. Ulikuwa uongo mtupu, maana tembo alilogema hakuwahi kulinywa tangu abatizwe. Wanywaji walimwamini kwa hilo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu walimsifu mpaka wakachoka na tembo likabaki lile lile.

Alizaliwa upande wa Taru, nchi ya ng'ombe na vumbi, ambako mnazi huonekana kwenye kalenda tu. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba yake alishuka pwani akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hana lolote ila mikono. Akafika kwa Mzee Mbwana, Mdigo mwenye shamba kubwa nyuma ya mji, mtu wa swala tano na maneno machache. Mzee Mbwana alimkodisha minazi kumi na minane, akasisitiza kwamba ni minazi ya nazi, akamwonyesha na mahali pa kujenga kibanda pembeni mwa shamba. Tangu siku hiyo hakuinua tena uso kutazama kilichokuwa kikining'inia juu ya minazi yake. Mcha Mungu mwerevu hajilazimishi kujua kila kitu.

Ugema una sheria zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni moja: hupandi kimya. Mabafu ya huku ni ya makuti, yana kuta hayana paa, na aliye juu ya mnazi anaona mpaka sabuni. Kwa hiyo mgema akishika shina tu huanza kuimba, tena kwa sauti, na mwanamke anayeoga akisikia hujitanda kanga yake akangoja wimbo upite. Kila mgema ana nyimbo zake. Wengine huimba mapenzi, wengine humtukana jirani kwa mafumbo. Kombe aliimba tenzi za kanisani. Bi Mwanaima, mke wa Mzee Mbwana, aliyekuwa akisomesha wasichana Kurani barazani kwake, alizijua tenzi hizo ubeti kwa ubeti kuliko waumini wengi wa kanisa la mabati la Mchungaji Samuel, na hakuwa akizipenda hata kidogo. Lakini zilimwambia saa ya kujitanda. Mgema anayepanda kimya hana jina zuri popote pwani, na akishajulikana, hukosa mti wa kukodi kutoka Diani mpaka Jego.

Siku aliyoanguka ilikuwa Alhamisi, miaka mitatu iliyopita, baada ya mvua za vuli. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu usiku kucha, naye alikuwa amejifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Kufungua kinywa kulikuwa kazi, sembuse kuimba. Alijiambia kwamba mnazi uliobaki ni mmoja, kwamba saa nne ya asubuhi Bi Mwanaima yumo barazani na wanafunzi wake, na kwamba mara moja si mazoea. Kumbe siku hiyo wanafunzi walikuwa wamekwenda maulidini.

Alipanda, akakata ncha ya karara kwa kotama, kisu chake cha kugemea, akamimina tembo kibuyuni, akaanza kushuka. Alipotazama chini kutafuta kidato akaona kopo la maji likiinuliwa, na bega. Akafumba macho.

Mtu wa chini anaweza kuuliza kwa nini hakugeuza uso tu. Ajaribu mwenyewe. Anayeshuka mnazi hutazama mguuni au hatazami kabisa, na mguuni kwake ndiko kulikokuwa na bafu. Kombe alifumba macho akaukumbatia mti, akawa anapapasa kidato kwa kidole gumba cha mguu. Akakipata. Kilikuwa kimeoza ukingo kwa mvua. Futi arobaini ni safari fupi sana kwa anayeanguka.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Bi Mwanaima mwenyewe, na kanga iliyolowa, kichwa wazi, maji yakimchuruzika. Mwanamke huyo hakuwahi kuonekana nje ya nyumba yake bila ushungi. Alipiga kelele mara mbili, akaona watu wanakuja mbio, akarudi ndani kujisitiri. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu nywele zake, kwa sababu mtu aliyeanguka mnazini huchukua macho yote.

Uti wa mgongo ulivunjika. Kombe alilazwa Mombasa miezi minne, akarudi na kiti cha magurudumu, mpira wa mkojo, na miguu ambayo angeweza kuchomwa moto asijue. Mke wake Kache alijifunza kazi ambayo hakuiomba. Kila baada ya saa mbili alimgeuza mumewe ubavu mwingine, ili vidonda vya kulala visimwanze. Binti yao Kahaso alikuwa ameolewa Lunga Lunga, hivyo hapakuwa na wa kumpokea. Kombe alijifunza kushona makuti akiwa ameketi, na kuwanolea wagema wengine kotama zao. Hakuwa mlalamishi. Lakini usiku na mchana alimuuliza Mungu swali moja, na Kache alimuuliza Mungu lilo hilo kwa maneno makali zaidi: kwa nini?

Kijiji hakikumngoja Mungu ajibu. Kidato kimeoza, ndiyo, lakini mbona jana alikikanyaga kisivunjike? Mgema wa miaka ishirini na miwili hajui vidato vyake? Nani aliyemfumba macho kwa uchawi? Na hapo jina la Matano likatoka.

Matano alikuwa mgema wa shamba la jirani, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyefiwa na mke, mwenye jicho moja lililokuwa jekundu daima kwa sababu ya ugonjwa. Mwezi mmoja kabla ya ajali walikuwa wamegombana na Kombe kuhusu mnazi ulio mpakani, na Matano kwa hasira alisema mbele za watu, "Mnazi huo utakukataa." Neno kama hilo wagema huambiana kila wiki na hakuna anayelikumbuka. Lakini hili lilifuatwa na mtu kuanguka, likawa ushahidi. Kwanza watu waliacha kunywa tembo la Matano. Kisha waliacha kuitikia salamu yake. Mwaka wa tatu walianza kumrushia mawe juu ya paa, na mwishowe vijana watatu walimwendea mchana kweupe wakamwambia ahame kabla mwezi haujaandama, la sivyo wangemhamisha wao. Kila mtu wa huku anajua maana ya kuhamishwa mzee mwenye jicho jekundu. Wengine wamezikwa.

Kombe alikuwa akisema, kila alipoulizwa, kwamba Matano hana kosa. Watu walimwonea huruma. Walimwona mtu mwema mno kiasi cha kushindwa kumjua adui yake.

Sasa hapa ndipo penye mkwamo, na mtu asiyekuwa wa huku anaweza asiuone. Kombe alikuwa na maneno manne ya kumwokoa Matano: nilipanda bila ya kuimba. Hayo yangetosha. Hakuna mwanakijiji ambaye angehitaji la tano. Wangejua papo hapo kwamba aliona kitu, kwamba ndicho kilichomfumbisha macho, na chini ya mnazi ule bafu ni moja tu. Ndani ya saa moja jina la Bi Mwanaima lingekuwa likizunguka kutoka kisimani hadi kilabuni, mwalimu wa Kurani, mke wa mtu, aliyeonwa uchi na mgema Mkristo. Mke wa mtu huchukua miaka hamsini kujijengea heshima, na wanywaji huimaliza kabla kibuyu hakijakauka. Kwa hiyo Kombe alinyamaza, asimwambie hata Kache. Alilala na siri hiyo ubavu huu na ubavu huu.

Jumanne moja Mchungaji Samuel alikuja. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho jingi na moyo safi, na ni yeye aliyembeba Kombe mgongoni siku aliyotolewa hospitalini, kwa kuwa gari lilikuwa limekwama. Aliketi juu ya rundo la makuti.

"Ndugu Kombe, Jumapili ijayo ni siku ya ushuhuda. Nataka wewe utoe ushuhuda wako."

"Ushuhuda wa nini, Mchungaji? Mimi sikupona."

"Ndiyo maana. Waliopona ni wengi, wanachosha." Mchungaji akajifuta shingo. "Nisikilize. Umekaa miaka mitatu ukiuliza kwa nini. Mimi nimeomba, nimepata jibu. Ulikuwa unawanywesha watu tembo. Hukunywa, lakini uligema. Mungu alikupenda, akakutupa chini kabla hujaipoteza roho yako. Ukija mbele ukalisema hilo, vijana wetu wataogopa kilabu. Tena kuna Matano. Nimesikia yaliyopangwa. Ikiwa ni Mungu aliyekuangusha, basi si Matano. Wataacha kumfuata. Utakuwa umetibu maradhi mawili kwa dawa moja."

Kombe aliendelea kushona. Hakuwa na elimu ya kumshinda mchungaji, na maneno hayo yalikuwa na utamu wake. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila sababu huitamani sababu yoyote, hata inayomtia hatiani. Na Matano angepona.

"Nitafikiri, Mchungaji."

Mgeni alipoondoka, Kache, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alikuja akasimama mbele yake. "Baba Kahaso, sema. Nakuomba. Mimi nimechoka kulala na swali. Nipe jibu lolote nikalale nalo."

"Hata kama si la kweli?"

"Wewe unajua la kweli?"

Kombe aliinamia makuti yake. Lakini usiku huo wote lilimkaa neno ambalo mchungaji hakuliona. Kijiji kilimtaka Matano awe ndiye aliyemwangusha. Mchungaji alimtaka Mungu. Ilikuwa kesi ile ile, mshtakiwa amebadilishwa tu. Na Kombe, ambaye hakukubali kumsingizia mgema mwenzake, alijiona anaombwa amsingizie Mungu. Alikasirika. Ilikuwa hasira yake ya kwanza tangu aanguke, na alishangaa kuona inamtia nguvu.

Alhamisi, wanafunzi wa Kurani walipokwisha kwenda zao, alijisukuma mwenyewe mpaka kwa Mzee Mbwana. Ni hatua mia mbili. Mchanga uliyameza magurudumu, na alifika amelowa jasho. Bi Mwanaima alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo. Kwa miaka mitatu alikuwa akipeleka chakula kwa Kombe kila Ijumaa, lakini kwa mkono wa wanafunzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, Kombe. Mwajionaje huko? Kache hajambo?"

"Hajambo, twamshukuru Mungu. Bi Mwanaima, nimekuja na neno zito, na sijui niingie kwa mlango gani."

Bi Mwanaima aliendelea kutazama mchele. "Mlango wake mimi naujua. Siku ile hukuimba."

Kombe alijishika shavu. "Jino lilikuwa limenivimba."

"Jino." Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa uani. "Miaka mitatu najiuliza kama ulifanya kusudi, kumbe jino. Na uliona nini?"

"Niliona kopo. Na bega. Nikafumba macho."

"Najua kwamba ulifumba. Nilisikia mlio juu, nikainua uso. Nilikuona waja chini na macho umeyafumba kama mtoto anayekataa dawa. Nikajua papo hapo ni kwa ajili ya nani." Sasa aliuweka ungo chini, na sauti yake ikabadilika. "Na nikanyamaza, Kombe. Wewe wapelekwa hospitali umevunjika, mimi nafikiri watu wakijua watasema nini. Aibu yangu niliiona kubwa kuliko mgongo wako. Ijumaa nakutumia chakula, nadhani nimemaliza. Kila swala najua kwamba sijamaliza."

Alilia bila ya kujificha. Kombe alitazama kando, na safari hii palikuwa na mahali pa kugeukia. Kisha akamweleza habari za Matano, za vijana, za mchungaji na ushuhuda wake.

"Nikisema sikuimba, watajua bafu ni la nani," alimaliza.

"Hata mtoto wa alifu na be atajua."

"Basi nimekuja kuuliza. Ukinikataza, sitasema."

Bi Mwanaima alijifuta macho kwa upindo wa ushungi. Kuku walipanda barazani na hakuwafukuza. "Mimi nawafundisha watoto wa watu kwamba anayemsitiri mwenzake Mwenyezi Mungu humsitiri yeye. Na mzee wa watu atauawa kwa sababu mimi nilikuwa naoga." Akauchukua ungo tena. "Wewe kaseme lako. Langu niachie mwenyewe."

Kombe hakujua maana ya maneno hayo, na hakuthubutu kuuliza.

Jumapili kanisa lilijaa. Siku ya ushuhuda watu huja hata wasiokuja, maana ni siku ya kusikia habari za wenzao. Wale vijana watatu walikuwa wameketi karibu na mlango, kwani mama zao ni waumini. Matano hakuwapo. Alikuwa mtu wa mizimu ya wazee wake, na kwa vyovyote siku hizi hakutoka nje. Mwanamke mmoja alishuhudia kuhusu tumbo lililopona, mwanamume mmoja kuhusu mbuzi aliyeonekana. Kisha Mchungaji Samuel akamsukuma Kombe mbele, akampa kipaza sauti, akasema kwa furaha kwamba leo tutasikia jinsi Mungu anavyomwangusha mtu ili amwinue.

"Bwana asifiwe," alisema Kombe.

"Amina."

"Mimi sikuangushwa na Mungu."

Watu walidhani amekosea kusema, wakangoja arekebishe.

"Wala sikuangushwa na Matano. Matano alisema mnazi utanikataa. Mnazi haukunikataa, ni mimi niliyevunja sheria yake. Siku ile nilipanda bila ya kuimba. Wakati wa kushuka ilinibidi nifumbe macho. Nikafumba, nikakanyaga kidato kibovu, nikaanguka. Ndiyo habari yote. Mkitaka wa kumhamisha kijijini, nihamisheni mimi, kiti hiki kina magurudumu."

Hakuna aliyecheka. Ungeweza kuwaona wakipanda mnazi ule kwa mawazo, mmoja mmoja, wakitazama chini. Wanawake walitambua kwanza. Kache, aliyeketi benchi la pili, aliweka mkono kinywani akamtazama mumewe kama mgeni aliyeingia nyumbani mwake bila hodi.

Mchungaji Samuel alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye tai. Lakini alikuwa mtu wa haki, na badala ya kunyang'anya kipaza sauti aliinama karibu nacho akauliza lile lililomkera kweli. "Basi Mungu alikuwa wapi, ndugu yangu? Miaka mitatu hii ni ya bure?"

"Hilo nimemuuliza mwenyewe mpaka tumechoshana," alisema Kombe. "Kwa nini nilivunjika, sijui. Hajaniambia. Lakini, Mchungaji, wewe ulitusomea Ijumaa Kuu kwamba Bwana walimvua nguo, wakamwangika mtini, na watu wakasimama wakitazama. Mimi neno hilo nimelala nalo. Umati wote ule, hapakuwa na hata mmoja aliyefumba macho. Walimtazama. Basi mimi siku yangu, juu ya mti wangu, mtu alikuwa hana nguo, na mimi nilifumba. Sikuwa nimefikiri, yalijifumba tu. Nikivunjika kwa hilo, kuna mmoja anayejua nilivunjika nikifanya nini, kwa sababu yeye alitazamwa. Hilo ndilo nililo nalo. Miguu sina, lakini hilo ninalo, na siko radhi kulibadilisha kwa hadithi ya kwamba alinitupa."

Akarudisha kipaza sauti.

Mchungaji alikuwa bado anajifuta jasho pale sauti ya mwanamke iliposema "Hodi" mlangoni. Bi Mwanaima alikuwa amesimama nje ya kizingiti na buibui lake, na nyuma yake Mzee Mbwana, kanzu imepigwa pasi, uso mkavu. Watu wakasema karibu, wengine wakasimama kumpa nafasi.

"Hapa hapa panatosha," alisema. "Sitawaweka. Mwanamke aliyekuwa akioga ni mimi. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, msisumbuke kupiga hesabu njiani. Na Kombe hakunivunjia heshima. Amevunjika yeye."

Kisha wote wakamtazama Mzee Mbwana, maana ndiye mwenye mke, na ndiye mwenye shamba. Ilionekana wazi kwamba hakufurahia kuwa pale. Alijua habari hii tangu juzi tu, na hakulala siku mbili. Alikohoa.

"Kombe amenisitiria nyumba yangu miaka mitatu, na mimi sijui," alisema. Akawageukia wale vijana waliokuwa karibu naye. "Kwa hiyo Matano akiguswa, mimi nimeguswa. Mwaskia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya." Akamshika mkewe kiwiko, wakaenda zao polepole, naye hakugeuka nyuma.

Asidhani mtu kwamba kijiji kiligeuka malaika siku hiyo. Kwa wiki mbili nzima kilabuni kulikuwa na wimbo mmoja mchafu, mpaka mwenye kilabu akaupiga marufuku. Wanafunzi wawili walitolewa chuoni kwa Bi Mwanaima, mmoja akarudishwa. Mzee Mbwana aliezeka bafu lake kwa mabati, na majirani wanne wakafuata. Mchungaji Samuel aliendelea kuhubiri dhidi ya tembo kama kawaida yake, lakini mfano wa Kombe hakuutumia tena. Na Matano hakuhama. Mwezi uliandama, ukakua, ukapungua, na mawe hayakulia juu ya paa lake. Asubuhi moja alikuja kwa Kombe, akaketi, hakusema ahsante wala nini. Akatoa kotama yake akaiweka mapajani mwa mwenzake inolewe.

Aliyebaki ni Kache. Tangu Jumapili ile alimgeuza mumewe kila saa mbili kama kawaida, akamwosha, akamlisha, na hakumsemesha hata neno. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Miaka mitatu alikuwa amegombana na Mungu kwa sababu ya jambo ambalo mume wake alilijua. Kombe alimwacha. Hakuona la kujitetea nalo.

Siku ya tatu tangu ushuhuda, mchana, jua likiwa kali na makuti yakinuka joto, alikuja kumgeuza, akaishia katikati. Alibaki amemshika bega, nusu amelala ubavu, nusu hana pa kulala.

"Baba Kahaso."

"Naam."

"Nina swali moja, na usinidanganye. Lau ungejua siku ile kwamba utavunjika hivi, kwamba mimi nitakuwa nakugeuza hivi mpaka mmoja wetu afe, ungefumba macho?"

Kombe alifikiri. Ulikuwa muda mrefu kwa mtu aliyeshikwa kiwiliwili hewani, lakini alitaka kumpa la kweli, kwa kuwa alikuwa amemnyima miaka mitatu.

"La," alisema mwishowe. "Ningefungua macho haya yote mawili, nikatazama kidato, nikatazama na bafu, nikashuka salama, nikaja nyumbani nikala."

Kache alimtazama.

"Ndiyo maana namshukuru Mungu," alisema Kombe, "kwamba hakuniambia."

Kache alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na hakuona haja ya kuvitenganisha. Kisha akamgeuza ubavu wa pili, akamweka mto nyuma ya mgongo.